Suruali Nne za Mstari

Ndugu, jamaa na majirani, naweka dau kiti changu cha kinyozi, kile cha kuzunguka, kwamba hakuna hata mmoja hapa atakayeamini ninachokuja kusema. Huyu kaka yangu tunayemzika leo, mwanajeshi wa miaka kumi na saba, alihangaikia mafao yake ya ulemavu kwa miaka ishirini na mbili. Na mwisho wa yote hakuokolewa na wakili, wala mkubwa yeyote, wala huu mdomo wangu mnaoujua. Aliokolewa na suruali nne. Ndiyo, suruali. Subirini.

Nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye ninayejua kuongea. Shule niliiacha darasa la tano, au shule iliniacha mimi, mpaka leo hatujaelewana. Karatasi mliyonayo mkononi imechapwa na binti mkubwa wa marehemu, yule muuguzi. Alitaka kufuta utani wote. Nikamwambia, "Mwanangu, ukifuta utani, baba yako atashindwa kujua ni nani anazikwa." Akacheka, akalia, akauacha ulivyo.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1964, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba aliyoijenga baba yetu kwa mikono yake. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Mimi nilifuata miaka mitano baadaye, nikiwa nimeboreshwa, kisha dada yetu akafunga hesabu. Baba alikuwa seremala, mama akiuza mboga sokoni. Kaka tangu mdogo alisimama wima mno, mpaka baba alipomaliza kufunga mlango wa mteja alikuwa anamwita, "Wewe, njoo usimame hapa." Anamsimamisha pembeni ya fremu, anarudi nyuma hatua tatu, anafumba jicho moja. Kama mlango na mtoto haviendi pamoja, anaung'oa mlango.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1972 hadi 1978, na sekondari miaka minne baada ya hapo. Mwalimu wa zamu ndiye aliyempa jina la Mstari, kwa sababu foleni ya asubuhi ilipangwa kwa kumtazama yeye. Jina likamganda. Mpaka jeshini lilimfuata, mpaka kwenye duka la dawa. Na mimi akaniita Redio. Alisema kosa la mafundi ni kwamba walinitengeneza bila swichi ya kuzimia.

Tarehe 9 Januari 1984 alijiunga na jeshi, akawa dereva wa malori makubwa. Na hapa niseme jambo. Haya maandishi mnayosikia nikiyasoma bila kukwama, aliyenifundisha ni yeye. Aliposikia nimeacha shule hakugomba. Alianza kuniandikia barua kutoka kambini, herufi kubwa kama za bango, na mwisho wa barua ameweka: "Jibu." Nikijibu, barua yangu inarudi imesahihishwa kwa wino mwekundu. Mtu yuko porini, amelala chini ya lori, anasahihisha barua za kinyozi! Siku niliyoandika ukurasa mzima bila kosa, ilirudi na neno moja tu, "Sawa." Ninayo mpaka leo, iko nyuma ya kioo pale dukani kwangu.

Mkewe, shemeji yangu huyu aliyekaa hapa mbele, ni fundi cherehani, na mnajua wote kwamba mkasi wake hauna mpinzani. Walikutana mwaka 1989. Kaka alikuwa amepewa suruali ya sare ndefu kuliko yeye, akaipeleka ipunguzwe. Shemeji akapiga magoti na tepu yake, akapima mguu wa kulia, akapima wa kushoto. Kaka amesimama mguu sawa, macho mbele, kifua nje, hapumui.

"Afande," shemeji akasema, "pumua basi. Ninapima suruali, sijakukamata."

Alipumua. Wiki iliyofuata akarudi na suruali nyingine, ambayo haikuwa na tatizo lolote. Wiki ya tatu akarudi na suruali yangu, bila kuniambia. Wakafunga ndoa tarehe 1 Desemba 1990, na suruali ya harusi shemeji aliishona mwenyewe, nyeusi, miguu miwili sawasawa kwa tepu. Ikumbukeni hiyo. Ni suruali ya kwanza. Mungu akawajalia watoto watatu.

Tarehe 9 Agosti 1999, siku ya Jumatatu, marehemu alikuwa anapeleka unga kambini. Ukingo wa barabara ukameguka, lori likaingia korongoni, na yeye akabanwa nyonga ya kushoto chini ya usukani kwa muda wa saa sita. Walipomtoa, neno lake la kwanza lilikuwa, "Unga umemwagika?" Sio "mguu wangu uko wapi," sio "mke wangu." Unga. Shemeji hajamsamehe kwa hilo, na mimi nimeahidi kulisema hapa.

Alilala hospitali miezi minne. Nyonga ilisagika, uti wa mgongo ukaguswa. Alirudi kazini akapewa kukaa ofisini na kuandika magari yanayotoka na kuingia, lakini kukaa kulimshinda kuliko kuendesha. Tarehe 30 Aprili 2001 akastaafishwa kwa sababu za kiafya, akiwa na miaka thelathini na saba.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yao yanavyokwenda, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda. Mwanajeshi anayestaafishwa kwa ugonjwa anapelekwa kwanza mbele ya bodi ya madaktari, wanampima, wanampa asilimia ya ulemavu. Chini ya hamsini, unapewa kiinua mgongo mara moja, mkono wa kwaheri, basi. Kuanzia hamsini kwenda juu, unalipwa kila mwezi, unatibiwa hospitali ya jeshi mpaka mwisho wako, na ukifariki mkeo anaendelea kulipwa. Hilo la mwisho ndilo kaka alilolitaka. Fedha zake mwenyewe hakuzisema hata mara moja. Alisema tu, "Nikitangulia, huyu macho yake yatakuwa yamechoka na sindano. Ataishi na nini?"

Bodi ya kwanza ilikuwa ya Februari 2001. Hapo ndipo kaka alipofanya kosa ambalo mwanajeshi peke yake ndiye anaweza kulifanya. Alipiga pasi suruali yake, ya pili katika hesabu yetu. Alipiga rangi viatu mpaka unaweza kujinyolea ndevu ndani yake. Na mkongojo wake akauacha kwa mlinzi wa geti, kwa sababu mtu hampigii mkubwa saluti akiwa na kijiti mkononi. Akaingia akitembea. Akapiga saluti. Daktari mwenyewe ni kanali. Kanali akamuuliza, "Unaendeleaje?"

"Niko sawa, afande!"

Asilimia ishirini.

Aliporudi nyumbani nilimkuta amelala sakafuni, maana kitandani alishindwa kupanda. Nikamwambia, "Kaka, wewe una akili timamu? Si ungesema unaumwa?"

"Nimwambie nani?"

"Daktari!"

"Yule ni kanali."

"Kanali na yeye hana nyonga?"

"Redio," akasema, "miaka kumi na saba mkubwa akikuuliza unaendeleaje, jibu ni moja. Sikulichagua. Lilitoka lenyewe."

Kiinua mgongo kile kilikwisha kabla mgongo haujainuka. Marehemu akafungua kazi ya kutengeneza vyerehani, pembeni ya meza ya mkewe, akikaa kwenye kiti kirefu kama cha kaunta, kwa sababu akikaa chini hainuki. Mafundi wa mji mzima walimletea mashine zao. Alikuwa anasikia cherehani kinavyougua kabla hajakifungua. Alisomesha watoto watatu kwa bisibisi na kopo la mafuta. Na kila siku asubuhi, kabla ya kazi, vidonge viwili vya maumivu. Baadaye vinne. Baadaye sikuhesabu.

Mnamo Juni 2017 rufaa yake, aliyoikumbushia kwa barua miaka yote hiyo, ikaitwa, na safari hii familia ikaamua nimsindikize mimi, bingwa wa maneno. Nilimfanyisha mazoezi wiki nzima dukani kwangu. Nikavaa shuka jeupe la kunyolea, nikakaa kwenye kiti changu cha kuzunguka, nikawa daktari.

"Mzee, unaumwa wapi?"

"Mgongoni kidogo, afande."

"Kidogo imetoka wapi? Futa kidogo! Mzee, unaumwa wapi?"

"Mgongoni na nyongani, afande. Lakini nashukuru Mungu."

"Mungu hayupo kwenye bodi! Anza tena!"

Wateja walicheka mpaka niliporudi kunyoa nikamkata mmoja sikio. Na siku yenyewe ilipofika, kaka aliacha mkongojo getini kama kawaida yake, akapiga saluti, akasimama kama nguzo. Nikaona anatuharibia. Nikaingilia kati. Nikawaambia wale wakubwa watatu kwamba huyu mnayemwona hawezi kufunga hata kamba za viatu. Hawezi kushika kikombe. Ananyweshwa chai na mkewe kama mtoto. Niliongea dakika kumi, na mpaka leo sijawahi kuongea vizuri kuliko siku ile.

Meja mmoja akamgeukia kaka. "Mzee, viatu vyako leo nani kavifunga?"

"Mimi mwenyewe, afande."

"Na kikombe?"

"Nashika, afande."

Wakaandika: maelezo ya uongo, rufaa imefungwa, asirudi kabla ya miaka mitano. Ukweli ni kwamba viatu alivifunga mwenyewe, lakini kwa robo saa, akiwa amelala ubavu sakafuni, shemeji amemshikia taa. Hilo hakuna aliyeuliza. Tulipochukua mkongojo getini aliniambia neno moja tu: "Redio, leo umeongea sana." Jumamosi akaja kunyolewa kama kawaida, akanilipa, akauliza hali ya mke wangu. Mimi kwa miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu pale dukani kwamba kazi yangu niliifanya, aliyeharibu ni kaka na ukweli wake usiokuwa na breki.

Mwaka 2022 miaka mitano ikaisha, akaomba tena, akaitwa Oktoba 2023. Wakati huo alikuwa amekonda, rangi imebadilika, anavimba miguu. Nilikuwa nimeshapiga pasi shati langu niende nikaongee. Shemeji akaniambia bila kupandisha sauti, "Shemeji yangu, wewe utakaa nje."

Nikakaa nje. Kwenye benchi la korido. Mlango waliuacha wazi kwa sababu ya joto, na mimi masikio yangu ni mazuri kama mdomo.

Asubuhi ile shemeji alikuwa amemvalisha kaka suruali ya harusi, ile nyeusi ya mwaka 1990. Kiunoni ilimtosha, kwa jinsi alivyokuwa amekonda. Mkononi shemeji alibeba mfuko, na ndani yake suruali nyingine tatu: ya bodi ya kwanza, ya mahafali ya binti mkubwa mwaka 2009, na ile aliyokuwa akiivaa siku zote mwaka huo. Na daftari lake la vipimo. Bodi ile ilikuwa na daktari mpya, mwanamama, kapteni. Shemeji hakusalimia kwa mbwembwe. Alitandaza zile suruali juu ya meza yao, moja kando ya nyingine, akaweka tepu juu yake.

"Daktari, mimi ni fundi," akasema. "Naomba upime mwenyewe."

Kapteni akapima. Ya mwaka 2001, mguu wa kushoto mfupi kwa sentimita moja na nusu. Ya 2009, sentimita tatu. Ya mwaka ule, tano na nusu. Kiuno nacho kimekatwa upande, kila suruali zaidi ya iliyotangulia. Kila mwaka nyonga ilivyozidi kuzama, shemeji alifupisha kidogo, akavuta mshono kidogo, akaongeza kitambaa kidogo ndani ya pindo, akapeleka kiatu kwa fundi kiongezwe kisigino. Ndiyo maana Mstari alibaki mstari. Sisi sote hapa tulimwona amenyooka. Alikuwa ameshonwa.

"Mama," kapteni akauliza, "kwa nini hukuleta hizi miaka yote?"

"Hakuna aliyeniuliza. Wakubwa walimwita yeye, hawakuita fundi wake. Na mimi kazi yangu ilikuwa kumficha."

"Kumficha nani asimwone?"

"Yeye mwenyewe. Hakutaka kujiona amepinda."

Kisha nikasikia kapteni anasema, "Mzee, vua viatu, usimame." Nilichungulia. Nisingekuwa mimi kama nisingechungulia. Kaka amesimama peku ndani ya suruali ya harusi yake. Mguu wa kulia umekaa vizuri kwenye kifundo. Wa kushoto umejaa sakafuni, umejikunja juu ya vidole kama suruali ya mtoto aliyevaa ya baba yake.

Mkono wake ulianza kupanda kwenda kwenye saluti. Kapteni akavua kofia yake, akaiweka mezani, juu ya suruali.

"Hapa hakuna afande," akasema. "Nipo mimi, daktari. Inauma?"

Kaka akamtazama mkewe. Shemeji akaitikia kwa kichwa.

"Inauma," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu lori."

Basi. Maneno mawili matatu. Mimi dakika kumi, yeye maneno mawili matatu. Wakampeleka kupigwa eksirei mpya, maana ile ya faili ilikuwa ya mwaka 1999, na barua ikaja tarehe 6 Februari 2024. Asilimia sitini.

Aliisomea pale pale kwenye kiti chake kirefu. Ukurasa wa kwanza aliuruka wote, malipo yake, tarehe zake, akaenda moja kwa moja kutafuta aya ya mjane. Akaisoma kwa kidole. Akaisoma tena. Akamwambia shemeji, "Umo." Shemeji alikuwa anashona, hakusimamisha mashine. Akasema, "Nimesikia." Kisha mashine ikasimama yenyewe, kwa sababu machozi na sindano havikai pamoja.

Alianza kutibiwa hospitali ya jeshi wiki ile ile, na tunawashukuru madaktari na wauguzi wake kwa moyo wote. Lakini figo zilikuwa zimeshakwenda. Daktari alisema ni vile vidonge vya maumivu vya miaka mingi, vya kununua dukani bila kupimwa. Alilazwa tarehe 20 Aprili. Siku za mwisho nilikwenda kumnyoa kila asubuhi, nikimpigia hadithi za mjini, nusu za kweli. Alhamisi nilimuuliza, "Kaka, unaendeleaje?" Akafungua jicho moja. "Naumwa, Redio," akasema, na akatabasamu kama mtu aliyejifunza neno jipya. Jumamosi tarehe 18 Mei 2024, saa kumi jioni, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, akatutoka. Alikuwa na miaka sitini, miezi miwili na siku nne.

Suruali aliyovaa leo imeshonwa jana na shemeji. Hakuruhusu fundi mwingine aiguse. Nilimuuliza kama ameificha nyonga kama kawaida, kitambaa kwenye pindo na kila kitu. Akasema, "Hapana. Hii nimemshonea kama alivyo. Hana tena wa kumpigia saluti." Kushoto ni fupi kwa sentimita sita, na inaonekana.

Marehemu ameacha mjane mmoja, ambaye juzi alipeleka fomu zake na hatakaa kwenye sindano kwa lazima tena, akishona atashona kwa kupenda. Ameacha watoto watatu: binti muuguzi, mtoto wa kiume dereva wa lori kama baba yake, na binti wa mwisho mwalimu. Ameacha wajukuu watano, ambao mmoja anasimama wima hivi kwamba tumeshaanza kufungia milango kwa kumtazama. Ameacha dada mmoja, na mdogo wake mmoja, kinyozi. Ameacha pia kiti kirefu, bisibisi kumi na moja, na cherehani cha jirani ambacho hakijamalizwa. Mwenyewe akichukue kilivyo.

Kaka, gwaride limekwisha. Mguu pande. Lala bila maumivu, kwa amani ya Mungu, na usiinuke kwa ajili ya mkubwa yeyote.

Na kabla sijakaa. Bodi ya pili kaka hakuiharibu. Niliiharibu mimi. Nilisema uongo mbele ya watu ambao yeye hakuwahi kuwadanganya, na ile miaka mitano ya vidonge ilitoka kwangu. Nilikosea.